Vunja Shingo, Mpenzi Wangu

Chupa ililipuka mbele ya kibanda cha maboga, saa nne asubuhi siku ya Jumamosi, soko la mboga la mji wa Brno likiwa limefurika watu kiasi kwamba huwezi kugeuka bila kumkanyaga mwenzako. Ilitoa mlio kama wa bunduki. Bibi wawili wenye vikapu waliinama, njiwa wakaruka wote kwa pamoja, na Vendula, aliyekuwa amevaa blauzi nyeupe iliyonyooshwa vizuri kwa pasi, akajikuta ameloa mvinyo mchanga, ule ambao bado unachachuka, kuanzia kidevuni hadi kwenye bahasha aliyoikumbatia kifuani.

"Samahani! Jamani, samahani sana!" Kijana aliyesimama mbele yake alibaki ameshika chupa ya plastiki inayotoka povu. Alikuwa mrefu, amevaa koti la ngozi lililochakaa viwikoni na skafu ya rangi ya haradali.

"Wewe umezaliwa wapi?" Vendula alimuuliza, huku akijifuta. "Nani anafunga kizibo cha mvinyo wa Septemba hadi mwisho? Hata mtoto wa chekechea anajua kinalegezwa ili upumue!"

"Nimezaliwa hapa hapa, na ninajua. Nilikuwa nawaza jambo jingine. Mimi nikiwaza jambo jingine, mikono yangu inakuwa mijinga kabisa."

"Basi usiwaze karibu na watu."

Yule kijana akacheka. Kisha akaiona bahasha, na maandishi yaliyoanza kuchuruzika juu yake. "Hiyo ni nini? Nimeharibu kitu cha maana?"

"Ni mchezo wa kuigiza. Nimeutafsiri kutoka Kiingereza kwa miezi minne. Saa tano natakiwa kuupeleka ukumbini, na sasa unanuka kama pishi."

"Ukumbi gani? Ule uliokuwa kiwanda cha nguo?"

"Umejuaje?"

Akapiga goti pale pale kwenye lami iliyojaa majani ya kabichi, kama mtu anayesalimia malkia. "Naitwa Hynek. Mimi ndiye mpiga kengele wa mchezo wako."

Vendula alimtazama juu hadi chini. Hakuwa msichana wa maneno mengi mbele ya watu asiowajua, na baadaye alijishangaa kwa jibu lililomtoka. "Kumbe ni wewe. Ukurasa wa arobaini unakufa."

"Siyo kufa. Naruka."

"Nimeuandika mwenyewe, kaka. Unaruka kutoka mnarani, na unakufa."

"Basi kabla sijafa ninunulie kahawa," Hynek alisema. "Au nikununulie mimi. Na blauzi."

Hivyo ndivyo walivyoanza.

Kufikia Oktoba hapakuwa na siku waliyopitisha bila kuonana. Walikuwa wakikutana chini ya saa ya mtaa wa Česká, mahali ambapo wapendanao wote wa Brno husubiriana, na Hynek alikuwa akichelewa kila mara kwa dakika saba.

"Uko wapi wewe?" Vendula alikuwa akimpigia simu, mgongo wake umeegemea nguzo.

"Niko kwenye tramu, Mama Kamusi."

"Tramu gani isiyo na kelele? Uko kitandani."

"Sawa, niko kitandani. Lakini nimeshavaa soksi moja. Dhahabu yangu, usiondoke."

"Naondoka sasa hivi."

"Unasema hivyo, na sauti yako inacheka."

Na kweli ilikuwa inacheka. Alimpenda kwa mikono yake ile mijinga, kwa namna alivyosahau mwavuli kwenye kila mgahawa, kwa namna alivyomwachia yeye vipande vyote vya nyama na kubaki na maandazi ya mvuke aliyofutia mchuzi hadi sahani ikang'aa. Jambo moja tu lilimsumbua. Kulikuwa na mlango ndani ya Hynek ambao haukufunguka. Siku ya kuwakumbuka marehemu, mwanzoni mwa Novemba, walipita makaburini pamoja. Ukungu ulikuwa umeshuka, na mishumaa ilikuwa maelfu, myekundu, kama macho. Hynek alinunua mshumaa na maua meupe, akainama mbele ya jiwe moja, akauwasha mshumaa.

"Ni nani?" Vendula aliuliza kwa sauti ndogo.

"Baba."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Siku nyingine, dhahabu yangu. Siku nyingine nitakuambia."

Akamshika mkono wakaondoka, na Vendula hakuuliza tena. Hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili.

Mwongozaji wa mchezo alikuwa Mwingereza aliyeitwa Desmond, mzee mwembamba mwenye sweta lililotoboka, ambaye kwa Kicheki alijua kuagiza bia na kuomba radhi tu. Vendula alikaa kando yake kila siku ya mazoezi, akiyageuza maneno yake. Wiki moja kabla ya onyesho la kwanza, Desmond alimgeukia.

"Kwetu, kabla pazia halijafunguliwa, tunamwambia mwigizaji avunje mguu. Ndiyo heri yetu. Ninyi mnasemaje?"

"Sisi tunamwambia avunje shingo."

Desmond alicheka hadi akakohoa. "Mguu hautoshi? Mtu akivunja mguu anapata mchumba hospitalini kati ya wauguzi. Akivunja shingo anapata nini?"

"Makofi!" Hynek alijibu kutoka juu, alikokuwa amening'inia kwenye ngazi, baada ya Vendula kutafsiri. Watu wote wakacheka.

Vendula akamweleza mzee jinsi inavyofanywa. Unamsogelea mwenzako kwa nyuma, unampiga goti dogo la makalio, unasema neno. Anayeambiwa hasemi asante. Akisema asante, heri inageuka. Na neno lenyewe haliombwi, ukiliomba limekufa.

"Na nikiwaambia mguu, kwa Kicheki?"

"Watadhani unawatakia ulemavu, Bwana Desmond."

"Basi shingo," Desmond alisema. "Siku hiyo nitapita kwa kila mmoja, na wewe utasema kwa niaba yangu. Goti pia ni kazi yako. Langu limezeeka."

Jioni hiyo Vendula alishuka kwenye chumba cha mavazi. Bibi Drahomíra, aliyewavisha waigizaji kwa miaka arobaini, alikuwa akishona mkanda mpana wa Hynek, ule wenye kulabu ya chuma ya kumshikiza kwenye kamba. Alikuwa na pini tatu mdomoni.

"Nimesikia mnapanga vunja shingo," alisema, bila kutoa pini. "Kwa Hynek, sisi hatusemi. Hakuna anayethubutu."

"Kwa nini, bibi?"

"Hujaambiwa? Na unalala kifuani pake!" Bibi Drahomíra akatoa pini moja. "Baba yake alikuwa mwigizaji kama yeye, mrukaji. Mama yake alikuwa anakuja kila onyesho, pale pale mlango wa nyuma. Goti, na vunja shingo. Kila siku ya Mungu. Mimi nimemwona kwa macho haya. Na siku moja huyo baba akaenda juu, na shingo ikavunjika. Mbele ya watu mia nne."

Vendula alishika ukingo wa meza.

"Na ngoja nikuambie jambo jingine kuhusu siku hiyo—" bibi alianza, lakini kengele ya mazoezi ikalia, mtu akaita kutoka juu kwamba kofia ya padri imepotea, na Bibi Drahomíra akatoka mbio na pini zake. Jambo jingine halikusemwa.

Siku tatu zilizofuata Vendula hakula vizuri. Alitazama kamba ikipandishwa na kushushwa, nene, ya rangi ya majivu. Kila mara kamba ilipokaza ilitoa mlio mfupi kama mtu anayesafisha koo.

"Mama anakusalimu," Hynek alimwambia siku moja kabla ya onyesho. "Nyonga yake imefanyiwa upasuaji Jumatatu, hawezi kuja. Ni mara ya kwanza hatakuwepo onyesho la kwanza." Akamtazama Vendula kwa namna ya ajabu, kama mtu anayesubiri. "Anasema safari hii wewe upo."

"Nipo," Vendula alisema, na hakuelewa alichoambiwa.

Siku yenyewe ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba taa za tramu zilionekana kabla ya tramu. Saa kumi na moja na nusu waigizaji walijipanga jukwaani. Vendula alikuwa amevaa gauni la kijani la mikono mirefu na hereni za mama yake. Desmond alipita kwa kila mmoja akisema maneno yake ya Kiingereza, na nyuma yake Vendula alipiga goti na kusema, "Vunja shingo." Kwa aliyeigiza padri. Kwa mjane. Kwa mtoza kodi. Waliruka, wakacheka, hakuna aliyeshukuru.

Hynek alikuwa wa mwisho, katika shati la kitani na ule mkanda mpana. Alikuwa ameshampa Vendula mgongo, anasubiri, na masikio yake yalikuwa mekundu kama ya mvulana wa shule.

Desmond alisema neno lake. Vendula akafungua mdomo. Mbele ya macho yake aliona jiwe la makaburini na ule mshumaa. Goti halikuinuka.

"Uende salama," alisema. "Urudi kwangu."

Mjane akatema mate mara tatu juu ya bega. Bibi Drahomíra, aliyesimama pembeni na brashi, akafanya ishara ya msalaba. Hynek aligeuka polepole, na uso wake ulikuwa umepauka.

Hynek alimkuta Vendula kwenye ujia wa nyuma ya jukwaa. "Watu kumi na wawili umewapa. Kwa nini mimi tu umeninyima?"

"Kwa sababu nakupenda."

"Umeniaga kama mtu anayepandishwa kwenye gari la maiti! Mbele ya wote!"

"Hynek, najua habari za baba yako. Bibi ameniambia."

Alirudi nyuma hatua moja, kama aliyepigwa kofi. "Unajua? Unajua, na bado umeninyima?"

"Ndiyo sababu—"

"Basi tumemaliza, Vendula. Nenda nyumbani. Nisikuone ukiwa umekaa pale chini."

Mlango wa chumba chake ukafungwa. Vendula alisubiri. Aligonga. Kisha akavaa koti lake na kutoka.

Alitembea bila kujua anakokwenda, na miguu ikampeleka pale ilipozoea, chini ya saa ya Česká. Watu walipita na vifurushi, vijana wakibusiana karibu yake. Alipiga simu ya Hynek, imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Mwishowe akapiga namba ambayo alikuwa ameipiga mara moja tu maishani mwake, siku ya kuzaliwa ya Mama Blažena, mama yake Hynek.

"Haloo? Ni nani?" Sauti ya mama ilikuwa ya mtu aliyelala chali.

"Ni Vendula, mama. Samahani kukusumbua hospitalini."

"Mwanangu! Nimekuwa nikitazama saa tangu alasiri. Niambie, umempiga goti vizuri? Maana ana makalio ya mifupa yule, yanaumiza."

Vendula alianza kulia. "Sikuweza, mama. Niliogopa. Nilijua kwamba ulikuwa unamwambia baba yake kila siku, na kwamba..."

Upande wa pili ilisikika mashine ikilia mahali fulani, pole pole.

"Nani amekuambia hivyo?"

"Bibi Drahomíra."

"Amekuambia nusu. Sikiliza. Nilimwambia kila onyesho, maonyesho thelathini na saba. Siku ya thelathini na nane tuligombana asubuhi. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya pazia la jikoni. Yeye alitaka la bluu. Nikanuna, nikasema leo siendi, na aende mwenyewe. Akaenda bila neno langu. Akili yake ilikuwa nyumbani, kwenye ugomvi, kwenye lile pazia. Walipompata, kulabu ilikuwa inaning'inia. Hakuifunga, mwanangu. Alisahau kuifunga."

Vendula alihisi baridi ikipanda kutoka kwenye viatu vyake. Aliona chupa ikitoka povu sokoni. *Mimi nikiwaza jambo jingine, mikono yangu inakuwa mijinga kabisa.*

"Hynek anajua yote hayo?"

"Alikuwa na miaka tisa. Alikuwa amekaa safu ya pili. Ni saa ngapi sasa?"

Vendula akainua macho kwenye saa iliyo juu yake. Ilikuwa saa moja na dakika thelathini na mbili. Pazia lilifunguliwa saa moja kamili. Ukurasa wa arobaini ulikuwa unafika saa mbili kasoro dakika kumi.

"Mama, nakata simu."

"Kimbia," mama alisema.

Alikimbia. Alivua viatu vya kisigino mbele ya duka la miwani na kuvibeba mkononi. Mwanamume mmoja alimpigia kelele, "Dada, harusi iko upande huu!" na marafiki zake wakacheka. Alivuka reli tramu ikipiga kengele nyuma yake. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Alipiga kwa viganja viwili hadi Bibi Drahomíra alipofungua, kidole mdomoni.

"Una wazimu? Wako kwenye—"

"Nani amekagua kulabu yake?"

"Anaifunga mwenyewe. Ndivyo alivyotaka siku zote. Akiwa tayari anagonga mbao mara tatu, na mshika kamba anajua." Bibi akamtazama miguu yake yenye soksi zilizoloa. Kisha akamwachia njia bila neno.

Ngazi ilikuwa ya chuma, na ilikuwa ndefu. Chini, upande wa pili wa kitambaa cheusi, Vendula alisikia maneno aliyoyaandika mwenyewe kwa miezi minne, sasa katika vinywa vya watu. Mjane alikuwa akimlaani mtoza kodi. Kurasa mbili zilibaki. Akapanda. Ukurasa mmoja na nusu. Juu kabisa, kwenye ubao mwembamba, Hynek alikuwa amesimama amempa mgongo, ameshika kamba kwa mikono miwili, anatazama chini kwenye mwanga.

Alikuwa hajamsikia. Vendula alimwona akiinua kiatu na kugonga mbao. Mara moja. Mbili. Tatu.

Hakukuwa na nafasi ya kuita. Hakukuwa na nafasi ya kueleza chochote. Alisogea hatua mbili kwenye ule ubao, akajishika kwenye mkanda wa Hynek kwa mkono mmoja, akainua goti, akamgusa. Lilikuwa goti jepesi kuliko yote aliyopiga siku ile.

"Vunja shingo," alimnong'oneza sikioni. "Vunja shingo, mpenzi wangu."

Hynek aliinua kichwa ghafla. Mkono wa Vendula ukateleza ubavuni mwake, ukitafuta chuma, na ukakikuta. Kulabu ilikuwa inaning'inia pajani, wazi, haijashika kitu.

Aliichukua, akaipachika kwenye pete ya kamba, akasikia mlio wake ikifunga, akaivuta mara mbili kwa nguvu zake zote. Hynek alitazama mkono ule. Aligeuza uso, na macho yake yalikuwa ya mtoto wa miaka tisa aliyekaa safu ya pili. Mdomo wake ukaanza kufunguka.

Vendula akauziba kwa kiganja. Akatikisa kichwa. *Usithubutu.*

Chini, mjane alimaliza. Taa ikageuka nyekundu. Hynek akaruka.

Kamba ilipita mbele ya uso wa Vendula kama kitu chenye haraka, ikakaza, ikatoa ule mlio wa kusafisha koo. Kisha palikuwa na kimya kirefu kuliko kile alichokiandika. Kisha kengele ikalia, mara moja, nzito, na watu wote ukumbini wakavuta pumzi.

Wakati wa mapumziko, watazamaji walikuwa wakigombea vipande vya mkate vyenye saladi ya viazi kule mbele, na Vendula alikuwa amekaa kwenye kikapu cha nguo chumbani kwa Bibi Drahomíra, ameshika viatu vyake mapajani. Hynek aliingia, jasho likimtiririka, mkanda bado uko kiunoni.

"Sasa naweza kusema?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Ukisema lile neno nakupiga na kiatu."

Hynek akakaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye magoti ya Vendula.

"Nilikuwa nakuwaza wewe," alisema mwishowe. "Pale juu. Nilikuwa napanga maneno ya kukuambia baadaye ili uumie. Maneno mazuri sana. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba nimeifunga."

"Najua."

"Na yeye alikuwa na hakika."

"Nyamaza, Hynek."

Akachomoa pete ya shaba iliyokuwa kwenye ncha ya skafu yake ya haradali, iliyotundikwa ukutani, akaigeuzageuza kati ya vidole.

"Kuna maonyesho arobaini. Mama hawezi kupanda basi tena kutoka kijijini, hata nyonga ikipona. Sikuombi neno, maana haliombwi. Nakuomba wewe. Olewa nami, Mama Kamusi."

Vendula alitazama ile pete, ambayo ilikuwa kubwa kuliko hata kidole gumba chake, akacheka huku machozi yakidondoka kwenye gauni la kijani. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, mjinga wewe. Ndiyo."

Hynek akambusu, akinukia vumbi na jasho na rangi ya uso. Bibi Drahomíra alipiga makofi mlangoni, akaanza kulia na kulaumu pini zake. Kengele ya kwanza ya sehemu ya pili ikalia, na Hynek, ambaye sehemu ya pili alirudi kama mzuka, akaondoka akikimbia, akagonga bega kwenye fremu ya mlango kama kawaida yake.

Ukutani, juu ya meza ya pasi, palikuwa na karatasi ya ratiba. Vendula alisimama mbele yake akiwa na pete mkononi. Kesho, Alhamisi. Keshokutwa. Jumamosi mara mbili. Safu baada ya safu, hadi mwisho wa Mei. Alizipitia kwa kidole, na kidole kikasimama kwenye onyesho la thelathini na nane, Jumanne moja ya kawaida ya mwezi wa tano, ambayo hakuna mtu mwingine aliyeitazama mara mbili.

Kutoka siku hiyo hadi ile, alijua, hawezi kuugua. Hawezi kuchelewa tramu. Hawezi kununa asubuhi kwa sababu ya pazia la jikoni.

Juu ya kichwa chake, mahali fulani kwenye giza la mbao, kamba ilikuwa ikipandishwa tena mahali pake, na aliisikia ikikaza.